Goti Linapokataa, Mguu Unapokaza

Atokaye katikati ya jiji la Nairobi kwa miguu akielekea Upper Hill hana njia ya kuukwepa mwinuko. Apitie barabara ya Haile Selassie au ashukie kituo cha Community, sharti apande kabla hajafika aendako. Na waendao huko si haba. Kilima hiki ndicho kilichobeba Hospitali Kuu ya Kenyatta, ambayo asili yake ni hospitali ndogo ya Waafrika iliyoasisiwa mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40. Ndicho chenye Nairobi Hospital na msururu wa kliniki za mifupa na viungo. Ndicho pia, katika barabara ya Kilimanjaro, chenye makao makuu ya Tume ya Kuwaajiri Walimu, ambako walimu kutoka pembe zote za nchi hufika na bahasha zao wakifuatilia uhamisho, vyeo na malipo ya uzeeni. Wengi wao ni watu waliosimama mbele ya ubao kwa miaka 30 au zaidi, na mtu akiwatazama wakipanda hana haja ya kuwa tabibu ili atambue ni yupi mwenye goti bovu.

Mimi ni mwanaisimu, na kazi yangu ni maneno. Kwenye mabenchi ya kliniki za kilima hiki husikika kauli mbili ambazo mtu hujizoesha kuzipuuza kwa kuwa ni za kila siku. Ya kwanza ni "goti linakataa." Ya pili ni "mguu unakaza." Mgonjwa azitamkapo, aghalabu husikilizwa kwa adabu, kisha kwenye kadi yake huandikwa jambo jingine kabisa: kwamba ana baridi yabisi, au kwamba goti limechakaa, au kwamba ni umri. Nashikilia kwamba kauli hizo mbili ni maelezo sahihi ya kisayansi. Maabara za Ulaya, Marekani na Australia zimetumia vifaa vya bei ghali kwa miongo kadhaa kuthibitisha yale ambayo mama wa Kangemi aliyasema bure. Kosa la kutomsikiliza lina gharama, nayo hulipwa na paja lake.

Ugonjwa wenyewe huitwa osteoathraitisi. Katika goti, gegedu linalofunika ncha za mifupa hupungua, mfupa ulio chini yake hukomaa na kuota vinundu pembeni, utando wa ndani huvimba mara kwa mara, na ute huzidi kiasi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 duniani waliishi na maradhi haya, milioni 365 kati yao wakiwa na maradhi ya goti, na kwamba wanawake ni wengi kuliko wanaume. Hayo ni ya mfupa na gegedu, na ndiyo yaonekanayo kwenye picha ya eksirei. Misuli haionekani humo. Hapo ndipo mazungumzo ya daktari na mgonjwa huanza kupishana, maana mgonjwa hajui lolote kuhusu gegedu lake. Anachokijua ni jinsi anavyotembea.

Kwa hiyo tuanzie kwenye kutembea. Mwendo wa mtu mwenye afya ni kazi ya zamu. Katika mzunguko mmoja wa hatua, mguu hukaa ardhini kwa takriban asilimia 60 ya muda na huwa hewani kwa asilimia 40 iliyosalia. Kisigino kinapogusa ardhi, goti hukunjika kidogo, nyuzi 15 hadi 20 hivi, nayo misuli minne ya mbele ya paja hukaza huku ikirefuka. Hiyo ndiyo breki, nayo huufanya uzito wa mwili utue polepole badala ya kuanguka mfupani kwa kishindo. Mwili ukishasimama sawasawa juu ya mguu, misuli hiyo huachia na zamu hushikwa na shavu la mguu, ambalo huuzuia mwili usiinamie mbele kwa kasi, kisha huusukuma uende. Mguu ukiwa hewani, msuli ulio mbele ya muundi huinua wayo usije ukajikwaa. Kabla kisigino hakijatua tena, misuli ya nyuma ya paja huushika muundi usirushwe mbele kupita kiasi. Mwalimu yeyote aliyewahi kupanga ratiba ya walimu wa zamu ataelewa uzuri wa mpango huu. Kila mmoja huingia kwa wakati wake, na muhimu zaidi, kila mmoja hupumzika wakati si wake.

Faida ya mpango huo ilidhihirishwa hapa kwetu. Mwaka 1986, G. M. O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti juu ya wanawake wa Kiluo, wabebao mizigo utosini, na wa Kikuyu, wabebao kwa ukanda upitao pajini mwa uso. Walipima hewa ya oksijeni waliyoitumia wakitembea. Ilibainika kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa kufikia asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya walizotumia walipotembea mikono mitupu. Mwaka 1995 N. C. Heglund, aliyeshiriki katika utafiti ule wa kwanza, alitoa maelezo pamoja na kundi jingine la watafiti: mwili wa mtu atembeaye hupanda na kushuka kama timazi linalobembea, na wanawake hao wakibeba mzigo huipokezana nishati ya kupanda na ya kushuka kwa ustadi zaidi, bila kuipoteza njiani. Utafiti wa baadaye katika sehemu nyingine za Afrika haukuupata uwezo huo kwa kila mwanamke abebaye kichwani, kwa hiyo tusiugeuze kuwa sifa ya kuzaliwa. Lakini umetuonyesha kwamba kutembea vizuri ni kuweka akiba, na akiba hiyo hutokana na misuli kujua saa ya kukaza na saa ya kuachia.

Goti lenye osteoathraitisi huivuruga ratiba hiyo. Watafiti hubandika vipande vidogo vya elektrodi juu ya ngozi ya paja na shavu la mguu, wakamtembeza mgonjwa, wakasoma umeme utolewao na kila msuli. Kinachoonekana tena na tena ni kwamba misuli ya mbele ya paja na ile ya nyuma, ambayo kwa kawaida hupishana, hukaza kwa pamoja na kukawia kuachia. Mwaka 2004 J. D. Childs na wenzake huko Marekani waliripoti kwamba misuli kadhaa ya mguu wa wagonjwa ilikaa kazini kwa muda unaokaribia mara 1.5 ya ule wa watu wasio na ugonjwa, na goti lao lilikunjika kidogo kuliko ilivyo kawaida. Ni kama dereva wa matatu akanyagaye mafuta na breki kwa wakati mmoja. Gari litakwenda, lakini injini italalamika. Mgonjwa naye anasema: mguu unakaza. Sijui ni neno gani jingine mtu angemtaka atumie.

Mbona mwili ufanye hivyo? Sababu moja ni kwamba kiungo kilichopoteza sehemu ya gegedu hulegea, na kukikaza kutoka pande zote ni namna ya kukishikilia kisiyumbe. Sababu nyingine ni maumivu yenyewe. Kwa muda mfupi, basi, kukaza ni kinga, na wapo wataalamu wanaoonya tusiharakishe kukuita adui. Hata hivyo misuli ikivutana mbele na nyuma hubana mfupa juu ya mfupa, na hubana kwa muda mrefu zaidi katika kila hatua. Huko Australia, Paul Hodges na wenzake walichapisha mwaka 2016 matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa kwa miezi 12. Wale ambao misuli ya upande wa ndani wa goti ilikaza pamoja kwa muda mrefu zaidi ndio waliopoteza gegedu zaidi. Upande wa ndani ndio unaoliwa kwanza kwa wagonjwa wengi, na ndiyo maana miguu yao hupinda polepole ikawa matege.

Kauli ya pili ya mgonjwa ina ajabu zaidi. Goti "linakataa" namna gani? Mwaka 1984 J. D. Spencer na wenzake walidunga maji ya chumvi ndani ya magoti yasiyo na ugonjwa wala maumivu, wakapima jinsi misuli ya paja ilivyoitikia. Mililita 20 hadi 30 tu, kiasi kisichozidi vijiko viwili vya mezani, zilitosha kuudhoofisha ule msuli wa mbele ulio upande wa ndani, juu kidogo ya pia ya goti. Ilipofika mililita 50 hadi 60, misuli mingine ya mbele ya paja nayo ilifuata. Hapakuwa na jeraha wala woga. Goti lililojaa maji lilipeleka habari kwenye uti wa mgongo, nao uti wa mgongo ukapunguza amri iendayo kwenye msuli. Mfanyakazi akwepaye zamu yake twasema anategea. Msuli huu hautegei. Uko tayari kazini, ila ruhusa imezuiliwa juu, na hata mwenye mguu akijikaza kisabuni hawezi kuitoa ruhusa hiyo yote kwa hiari yake. Goti linakataa: kitenzi hicho, kinacholipa goti utashi usiokuwa wa mwenyewe, kiko karibu na ukweli kuliko neno "udhaifu" liandikwalo kwenye kadi.

Tukiyaweka mawili haya pamoja tunapata picha ya kusikitisha. Misuli ya mbele ya paja imepunguziwa nguvu, na papo hapo imeongezewa saa za kazi. Si ajabu mgonjwa huchoka kabla ya kufika juu. Tena udhaifu huo hautokani na kukaa tu. Mwaka 1997 C. Slemenda na wenzake walionyesha kwamba misuli hiyo ilikuwa dhaifu hata kwa watu, hasa wanawake, ambao picha ilionyesha ugonjwa lakini walikuwa hawajaanza kuhisi maumivu yoyote ya goti. Yamkini paja hudhoofika mapema, goti likafuata.

Sasa nirudi kwenye maneno, maana hapo ndipo tunapokosea sisi wenye lugha. Baridi yabisi ni jina la kale na zuri. Yabisi ni neno la Kiarabu lenye maana ya kukauka na kuwa kigumu, na jina zima limetoka katika utabibu ulioyapanga maradhi kwa sifa nne: joto, baridi, unyevu na ukavu. Kwa hiyo jina hili limekuja na tiba yake mkononi. Ikiwa ugonjwa ni ubaridi na ukavu, dawa ni joto na mafuta. Basi mgonjwa hufunga goti kwa kitambaa cha sufu, hulikanda, huulaumu mwezi wa Julai wa Nairobi, na hukaa. Joto humtuliza, sikatai. Lakini jina hilo hilo hutumiwa kwa ugonjwa mwingine, ule ambao kinga ya mwili hushambulia viungo, hasa vya vidole na viganja, na ambao wahitaji dawa mapema kabla haujaharibu. Jina moja likabeba magonjwa mawili, wa kwanza akanyimwa mazoezi na wa pili akacheleweshewa dawa. Jongo angalau limebaki na jina lake.

"Uchakavu" nao, neno tulilolibuni ili tuwe wa kisasa, una ila yake. Gurudumu huchakaa kwa sababu halina uhai, na kila kilomita huliondolea kitu. Ukimwambia mtu goti lake limechakaa, umemwambia alitumie kidogo. Gegedu ni kitu hai. Halina mishipa ya damu, hupata lishe kutoka kwenye ute unaolizunguka, na ute huo huingia na kutoka kwa kadiri goti linavyobanwa na kuachiliwa, yaani kwa mwendo. "Mshipa" ndio usiseme. Katika matumizi ya kila siku neno hilo ni la damu, la neva, la ukano na la msuli pia, hata mtu asemapo "mshipa umenivuta" yabidi umwombe aonyeshe kwa kidole. Mguu wenyewe, kwa Waswahili, huanzia nyongani ukaishia vidoleni. Haya si mapungufu ya lugha. Ni sababu ya anayeuliza kuongeza swali la pili: wapi, na unapofanya nini?

Namfahamu mwalimu mmoja wa shule ya msingi, sasa amestaafu, aliyelijibu swali hilo bila kuulizwa. "Ngazini goti linanikataa," alisema, "halafu mguu mzima unakaza mpaka nyuma." Hospitali aliyokwenda, ambayo sitaitaja, ilimpa vidonge vya maumivu na maagizo ya kupumzika. Alipumzika kwa bidii ya mwalimu atiiye waraka. Baada ya miezi kadhaa paja lake la kushoto lilikuwa jembamba kuliko la kulia, tofauti ionekanayo kwa macho. Alipofika hatimaye kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, jambo la kwanza aliloombwa ni kuinuka kitini bila kutumia mikono, mara tano. Aliinuka mara mbili.

Ngazi alizozitaja zina hesabu yake. Huko Berlin, kundi la watafiti lililomhusisha I. Kutzner lilichapisha mwaka 2010 vipimo kutoka kwa wagonjwa watano waliowekewa magoti ya bandia yenye vipima-nguvu ndani. Kutembea mahali tambarare kulilibana goti kwa nguvu ya takriban mara 2.6 ya uzito wa mwili. Kupanda ngazi kulifika mara 3.2 hivi, na kushuka ngazi takriban mara 3.5. Kwa mtu wa kilo 70, hizo ni kama kilo 180 mahali tambarare na kama kilo 240 akishuka. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo hutokana na misuli yenyewe inapovuta. Ndiyo maana anayeipanda Upper Hill asubuhi huenda akaona taabu zaidi jioni akiteremka kurudi mjini, kwani kuteremka ni kazi ya breki, na breki ndiyo iliyokatazwa. Vipimo vya S. P. Messier vya mwaka 2005 vinaleta nafuu kidogo: kwa watu wanene wenye ugonjwa huu, kila kilo moja waliyopunguza iliondoa takriban kilo nne kutoka kwenye goti katika kila hatua.

Mazoezi ndiyo yanayobaki, nayo yamechunguzwa kuliko tiba nyingi. Tathmini ya Cochrane ya mwaka 2015, iliyoongozwa na M. Fransen, ilijumlisha majaribio kadhaa na kukuta kwamba mazoezi hupunguza maumivu na kuboresha mwendo. Nafuu hiyo ni ya wastani, hufifia mtu akiyaacha, na haimfufui gegedu aliyekwisha kwenda. Wala tusidhani kwamba paja likipata nguvu ratiba ya zamu hujirekebisha papo hapo. K. L. Bennell na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba kuimarisha misuli ya nyonga kulipunguza maumivu ya goti ingawa mzigo ulioliangukia haukubadilika. Kujifunza kuachia ni somo la pekee. Mgonjwa hutembezwa polepole, akakumbushwa kukunja goti kisigino kinapotua, akarudia hadi mwili uamini.

Wataalamu wa kufundisha hayo tunawaandaa papa hapa kilimani, katika Chuo cha Mafunzo ya Udaktari cha KMTC kilicho jirani na Hospitali Kuu ya Kenyatta. Ningependa wafundishwe pia kuandika kwenye kadi maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema, kabla ya kuyatafsiri. Na walimu wa shule za upili, ikiwemo ile ya Upper Hill iliyo karibu, wana neno la kuwaambia vijana wanaocheza kandanda na raga. Mapitio ya L. S. Lohmander ya mwaka 2007 yalikadiria kwamba miaka 10 hadi 20 baada ya kukatika ukano wa katikati ya goti au kuchanika kwa gegedu lililo kati ya mifupa, takriban nusu ya walioumia huwa na osteoathraitisi. Kijana aliyeumia akiwa na miaka 17 anaweza basi kuanza kusema "goti linakataa" kabla hajatimiza 40. Arudipo uwanjani paja lake liwe limepimwa, maana kutosikia maumivu peke yake hakutoshi.

Na kwa mwalimu anayekusudia kupanda kwenda barabara ya Kilimanjaro wiki hii na goti lake la kulia: mkongojo, kama anao, aushike kwa mkono wa kushoto. Wengi huushika upande wa goti linalouma, wakaongeza mzigo walioukimbia. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono mtu asimamapo wima na viatu miguuni, nao utangulie pamoja na mguu mgonjwa.